Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa nyumba kwa nyumba, Nordfriesland

Saa 11:30 alfajiri nawasha gari Niebüll, mji wa kaskazini mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Denmaki. Kibao cha stesheni kina majina mawili: Niebüll, na Naibel kwa Kifrisia, lugha ya wenyeji wa huku. Kwenye buti nina insulini, bandeji na glavu.

Saa 12, Risum-Lindholm. Bibi anamfokea binti yake kwa Kifrisia, ananigeukia kwa Kijerumani cha upole, kisha anarudi kufoka. Namvisha soksi za kubana miguu, nanyamaza. Wanaokizungumza Kifrisia cha Kaskazini wamebaki elfu chache, ingawa tangu 2004 kina sheria yake ya jimbo.

Saa 2 nafika kwa mzee mwenye kidonda cha mguu. Redio yake ni ya Kidenmaki, na wajukuu wake wanasoma shule ya Kidenmaki. Hadi vita vya 1864 eneo hili lilikuwa chini ya mfalme wa Denmaki, halafu likachukuliwa na Prussia, dola ya Kijerumani. Machi 1920 watu wa huku walipiga kura wawe Denmaki au Ujerumani, wengi wakachagua Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa upande wa walioshindwa, na hadithi hiyo huimaliza kabla sijamaliza kufunga bandeji.

Saa 4, Friedrich-Wilhelm-Lübke-Koog. Koog ni shamba lililonyang'anywa bahari: unajenga tuta, unachimba mifereji, unalima. Hili lilikamilika 1954. Hapa ni Kijerumani cha Chini, lugha ya kaskazini, na salamu ni “moin”, inayosikika kama ya asubuhi, hata usiku.

Saa 6 nakula mkate wangu juu ya tuta la Dagebüll, kondoo wakinizunguka. Nao wako kazini: kwato zao zinashindilia udongo. Mimi mtu wa Pangani, kupwa na kujaa si habari mpya kwangu, lakini hapa maji yakipwa, tope linaenda mpaka macho yanachoka. Mbele ni Oland na Langeneß, visiwa visivyo na tuta la kuzuia dhoruba kubwa. Nyumba zimekaa juu ya vichuguu vya udongo, na kitoroli cha reli kinawaunganisha wenyeji na bara. Mwaka 1362 dhoruba ilimeza mji wa Rungholt. Oktoba 1634 nyingine ilikipasua kisiwa cha Strand kwa usiku mmoja. Pellworm na Nordstrand ni mabaki yake. Tangu nijue hayo, sicheki tena mtu akisitisha mazungumzo ili asikilize utabiri wa upepo.

Saa 8, kituo cha kutwa cha wazee. Bibi wa Risum ameshaletwa, amekaa na mwenzake aliyezaliwa kisiwa cha Föhr. Wote Wafrisia, lakini Kifrisia cha Föhr na cha bara vimeachana mno, kwa hiyo wanatetana kwa Kijerumani cha Chini. Leo ugomvi ni karata. Wananiita niamue, kila mmoja akiniambia mwenzake ni mwizi.