Kazi ya farasi Lubumbashi: mlango uko kwenye kwato

Kijana akisikia "kazi ya farasi" anajiona tayari yuko juu ya tandiko, kofia kichwani, viatu virefu vinang'aa. Hapo ndipo penye foleni, na ndipo penye nafasi chache kuliko pote. Farasi wa Lubumbashi si wengi: wapo wa cercle hippique, klabu ya wapanda farasi, wapo wa mashamba ya watu wenye uwezo nje ya mji, na hesabu inakaribia kuishia hapo. Mji wa namna hii hauajiri wapandaji 20. Lakini kila farasi aliyepo, apandwe asipandwe, kwato zake zinakua, tumbo lake linadai nyasi kila siku, na jua likizama usubi unamsubiri. Kazi iko huko chini.

Mahali pa kuingilia ni upalefrenye, kazi ya bandani. Watu wanaidharau kwa sababu ya samadi, na kweli samadi ipo: farasi wa kilo 500 hutoa kilo 20 hadi 25 kwa siku. (Usiitupe. Walima mboga wa Kilobelobe wanajua thamani yake, mradi imekaa miezi kadhaa ikapoa.) Ila palefrenye ndiye anayemwona farasi asubuhi kabla ya bwana wake, kabla ya mwalimu, kabla ya veterineri. Jicho hilo ndilo analolipwa, hata kama tajiri mwenyewe hajui.

Asubuhi usiingie mbio. Simama mlangoni kwanza. Nyasi za usiku zimeisha? Samadi ni marundo mangapi, na ni laini au kavu kama mawe? Maranda yamechimbwachimbwa kama mahali mtu alipogaagaa? Farasi anageuza shingo kutazama ubavu wake? Hayo mawili ya mwisho ni maumivu ya tumbo mpaka ithibitike vinginevyo. Pima: mapigo ya moyo ni 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia, unayasikia kwa vidole chini ya taya, pumzi 8 hadi 16, joto 37.5 hadi 38.5. Bonyeza fizi kwa kidole kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ukipata mapigo 60 na fizi zimepauka, usingoje saa sita mchana. Farasi hawezi kutapika, kilichoziba ndani hakina njia ya kurudi. Mwondolee chakula, maji yabaki, piga simu. Na mtu asimmiminie mafuta kwa chupa mdomoni "ili yalainishe": yanaingia mapafuni, na sasa una magonjwa mawili.

Chakula nacho kinaweza kuua farasi, kwa mkono wa mtu mwenye nia njema. Sisi ni watu wa mahindi, bukari asubuhi na jioni, basi tunadhani na farasi ni mtu wa mahindi. Tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15, limeumbwa kupokea kidogokidogo mchana na usiku. Msingi ni nyasi: zisipungue kilo moja na nusu kwa kila kilo 100 za mwili, zikiwa kavu. Farasi wa kilo 500 hapo hashuki chini ya kilo 7 na nusu, na kilo 10 ndiyo kawaida nzuri. Nafaka ni nyongeza ya anayefanya kazi, na mlo mmoja wa nafaka usizidi kilo 2.

Pumba zinauzwa bei rahisi kila mahali, na hapo pana mtego. Pumba zina fosforasi nyingi, takriban mara 10 ya kalsiamu, wakati farasi anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au zaidi kidogo, hadi mara 2. Ukimlisha pumba miezi na miezi, mwili unaichota kalsiamu kwenye mifupa. Dalili zinakuja polepole: anachechemea leo mguu huu, kesho ule, kisha mifupa ya uso inavimba na kichwa kinaonekana kikubwa. Aina fulani za majani, hasa setaria, huleta ugonjwa uleule kwa sababu zina oksaleti inayoifunga kalsiamu. Dawa ya kuzuia ni kupunguza pumba na kuongeza kalsiamu kaboneti ya mifugo. Si chokaa ya kupakia ukuta; hiyo inaunguza.

Mawili mengine yaandike ukutani. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu inayoharibu ubongo wa farasi. Anazunguka, anasukuma ukuta kwa kichwa, siku chache baadaye amekufa. Kuyapepeta au kuyapika hakusaidii. La pili ni chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula vya kuku vina monensini, dawa ambayo kuku anaivumilia na farasi inamwua moyo, hata kwa kiasi kidogo. Kama stoo moja inalisha kuku na farasi, ndoo na pauro zisichanganywe.

Kwenye nyasi kuna biashara ambayo watu wanaipita kila siku bila kuiona. Mvua ikishaondoka Aprili, majani ya porini yanakomaa upesi yanakuwa miti. Ya Julai hayana chakula ndani yake, ni ya kuezekea. Anayekata mwishoni mwa mvua, majani yakiwa yanaanza kutoa masuke, akayaanika na kuyageuza siku 2 au 3, ana bidhaa ya kuuza mpaka Novemba. Shika fungu ulisokote: likivunjika kwa mlio na shina halitoi unyevu ukilikwaruza kwa ukucha, lifunge. Likijipinda tu kama kamba, bado. Ukilifunga bado lina maji, ndani linapata moto, linaota ukungu, na vumbi la ukungu huo linamwachia farasi kikohozi cha maisha. Huhitaji mashine: sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, kamba mbili chini, unakanyaga kwa miguu, unafunga. Panga juu ya paleti, mbali na ukuta.

Sasa kwato, kwa kuwa hapo ndipo fundi ni wa kutafuta kwa tochi. Ukwato unakua milimita 8 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo kila wiki 6 hadi 8 kuna kazi, iwe kukata tu au kupiga viatu. Lubumbashi haina upungufu wa masudere. Kijana wa Katuba aliyezoea kuchomelea mageti ana nusu ya mikono inayotakiwa. Nusu aliyokosa ni kujua kilichomo ndani ya ukwato.

Kuinua mguu tu ni somo. Simama begani, uso wako ukielekea mkia. Teremsha mkono kutoka begani, nyuma ya mguu, taratibu, asishtuke. Minya kidogo mishipa juu ya kifundo na umwegemee kidogo ahamishe uzito. Akiinua, pokea, usivute. Safisha kutoka kisigino kwenda mbele, ukipita pande zote mbili za ile pembetatu laini ya katikati bila kuichoma. Wakati wa mvua pembetatu hiyo inaoza, inanuka, inatoa ute mweusi. Safisha, kausha, badilisha matandiko ya banda. Salfati ya shaba inasaidia, na kwa Mkatanga hilo lisimshangaze, lakini ipakwe kwenye sehemu iliyokufa peke yake, kwenye nyama hai inaunguza. Wakati wa vumbi tatizo linageuka: kingo zinapasuka.

Kwenye kupiga kiatu, kosa ghali ni msumari. Msumari wa farasi si wa seremala. Ncha yake imechongwa upande mmoja ili ijipinde kwenda nje, na upande uliochongwa, wenye alama kichwani, unatazama ndani ya ukwato. Ukiugeuza, unakwenda kwenye nyama. Unaingilia kwenye mstari mweupe (mpaka wa ukuta wa ukwato na wayo wake) au nje yake, na unatokea kwenye ukuta huo karibu theluthi ya urefu wa ukwato kutoka chini. Fundi anasikiliza: sehemu ngumu ya ukwato inarudisha mlio mkavu, mlio ukilegea na msumari ukiingia kirahisi kupita kiasi, uchomoe mara moja uutazame kama una unyevu au damu. Msumari uliopita karibu na nyama bila kuichoma unaweza kukaa kimya, farasi akaanza kuchechemea siku kadhaa baadaye. Kila tundu namna hiyo ni mlango wa pepopunda. Jina lenyewe linatukumbusha nani huugua vibaya: farasi na punda ni dhaifu sana mbele yake, kwa hiyo chanjo iwe imeshapigwa kabla hujagusa nyundo.

Vifaa vya kuanzia ni koleo la kukatia, kisu chenye ncha iliyokunjwa, tupa ndefu ya sentimita 35 hivi, nyundo nyepesi, na aproni ya ngozi ambayo fundi viatu anaweza kukushonea. Kisu kijifunzie kwenye miguu ya ng'ombe kutoka machinjioni. Ukwato wa ng'ombe umegawanyika na si sawa, lakini mkono unajifunza ukali wa kisu na mahali pa kuacha. Farasi hai asiwe daftari lako la kwanza.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, masomo yapo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na mhitimu wake anayekubali kushika farasi pamoja na ng'ombe na mbwa hakosi wateja. Wa farasi peke yake hapa atalala njaa. Kifaransa chako kinafungua milango mingine: Dakar kuna shule ya kimataifa ya veterineri ya nchi za Kiafrika, katika nchi ambayo mikokoteni ya farasi iko barabarani kila siku, na Ubelgiji kuna kitivo cha Liège. Ufaransa hutoa cheti cha CAP cha palefrenye na kingine cha fundi wa kwato, na upandaji hupimwa kwa ngazi za Galop 1 hadi 7. Mwalimu wa upandaji huko anahitaji diploma kama BPJEPS. Asiye na nauli aanzie FEI Campus, masomo ya bure mtandaoni ya shirikisho la kimataifa la farasi lililoanzishwa 1921. Hayatakufundisha kuinua mguu, ila yatakupa maneno, na kwenye sitaji, mafunzo ya kazini, maneno ni nusu ya heshima.

Wapo watakaokuja na habari za zizi la Uarabuni linalotafuta vijana. Kazi hizo zipo kweli. Lakini komisionera anayetaka pasipoti yako kabla hujaona mkataba, au asiyekubali uongee na mwajiri mwenyewe, mwache aende zake.

Siku ya kwanza ya sitaji hakuna atakayekuuliza diploma. Wanatazama kama unazungusha kamba mkononi (usifanye hivyo, farasi akishtuka vidole vinaondoka), kama unapita nyuma ya farasi bila kumsemesha, kama unamfunga kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kitu kitakachokutofautisha ni kujua uzito. Dawa nyingi hupimwa kwa kilo za mwili, na mizani ya farasi hakuna. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Kifua 180 na urefu 160 ni kilo 436. Mita ya fundi cherehani ina sentimita 150 tu, haimzunguki. Tumia kamba, tia alama, ndipo uipime kamba. Ukishajua uzito ndipo dawa ya minyoo ina maana, ivermektini miligramu 0.2 kwa kilo, kwa mdomo. Ile ya sindano ya ng'ombe usimchome farasi, panapochomwa pamewahi kuoza na kuua.

Na weka daftari. Joto saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, kila farasi, hasa miezi ya mwisho ya mvua. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaletwa na usubi unaouma kuanzia jua kuzama hadi alfajiri. Virusi vyake ni vya aina 9, na ugonjwa ukishika mapafu unaua karibu kila anayeupata. Chanjo hutoka Onderstepoort, Afrika Kusini, na hupangwa miezi mingi kabla. Farasi waingie ndani kabla ya jua kuzama, neti dirishani. Daftari likionyesha 39 wakati farasi bado anakula kama kawaida, tazama mashimo yaliyo juu ya macho. Yakiwa yamejaa, yamevimba, mpigie veterineri kabla hujafungua mlango mwingine.