Kiyoyozi cha Paani

Mwaka niliokuwa nikijifunza ufundi wa majokofu na viyoyozi mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, karakana yetu ililetewa gari la kuishi, lenye vitanda, jiko na choo, na kiyoyozi kilichokaa juu ya paa. Wenyewe, mzee mmoja wa Nakuru na mkewe, walikuwa njiani kwenda hifadhi ya Kidepo katika joto la Februari, na kiyoyozi kilikuwa kimezimika kabla hawajavuka daraja la Karuma. Mwalimu wangu alikuwa mtu wa Mombasa, hivyo mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili.

Kila tulipokiwasha, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ilinguruma kidogo kisha swichi kuu ikajikata. Mzee alitumaini kwamba ni kapasita tu, kile kifaa kidogo kinachosaidia mota kuanza kuzunguka, na mwalimu akaanza na hiyo kwa kuwa ndiyo hufa mara nyingi. Lakini mita ilipoonyesha kwamba nyaya za ndani ya mota zimegusana na mwili wa kompresa, matumaini yakaisha. Viyoyozi vingi vya aina hiyo hufungwa gesi kiwandani bila vali ya kujazia, kwa hiyo kompresa ikifa hubadilishwa chombo kizima.

“Mzee, sitakutoza pesa ya kukifufua,” mwalimu alimwambia, “kwani kitakufia tena porini.”

Kipya kiliagizwa Nairobi, na mwalimu alisisitiza vipimo kabla ya bei. Viyoyozi vya magari ya Marekani hutumia umeme wa volti 120 na tundu la paa la takribani inchi 14 kila upande, ilhali gari lile lilitoka Uingereza, likiwa na tundu la sentimita 40 na umeme unaolingana na wetu.

Kilipofika, tulikata umeme wote, tukafungua kifuniko cha ndani ya dari na kulegeza boliti nne ndefu. Watu hudhani kiyoyozi kimepigiliwa paani. Kumbe boliti hizo hukivuta kutoka ndani, na paa hubanwa katikati. Tuliegesha lori ubavuni, tukakishusha cha zamani juu ya bodi yake na kukipandisha kipya, wanaume watatu, bila kukiburuta, maana kukiburuta kungechana mpira wa kuziba uliobandikwa chini yake.

Mpira huo ndio niliouona kuwa moyo wa kazi yote. Kiyoyozi humwaga maji yake mwenyewe juu ya paa, na Gulu mvua zikianza huwa nyingi. Mpira ukikaa vibaya, maji yote hayo hupenya darini na kuozesha mbao taratibu bila mwenye gari kujua. Mwalimu alinipa kisu butu na kitambaa, nikakwangua mabaki ya gundi hadi paa likawa laini, kazi iliyokula sehemu kubwa ya asubuhi. Kijana mwenzangu alipoleta silikoni, mwalimu alimzuia: mpira huziba kwa kubanwa sawasawa, na silikoni ingekuwa balaa kwa atakayekifungua siku nyingine. Tulikaza boliti kwa zamu, kona kwa kona, hadi mpira ukabakia karibu nusu ya unene wake, kisha tukaacha, kwani ukipondwa kupita kiasi hupoteza uwezo wa kuziba.

Tulimwaga ndoo za maji paani, mke wa mzee akiwa ndani na tochi. Dari ilikuwa kavu. Ndipo tukakiwasha. Kabla hawajaondoka, mwalimu alimpa mzee spana na kumwagiza azikague boliti zile akifika Kitgum, baada ya mtikisiko wa barabara ya vumbi.