Rumion iliyotetemeka kila ikipanda Marangu

"Fundi, kwani oili ya gia si oili tu?" Hapa gereji Pasua, Moshi, swali hilo naulizwa karibu kila wiki.

Mwezi uliopita mama mmoja alileta gari lake, Toyota Rumion. Akitoka Himo kupanda Marangu, gari linatetemeka, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Alishaambiwa anunue gia boksi nyingine, na pesa alikuwa ameanza kukopa.

Sikufungua kitu kwanza. "Mama, oili ya gia ilibadilishwa lini?"

"Miezi 3 iliyopita. Fundi aliweka haidroliki ya kawaida."

Basi. Rumion hiyo ina gia ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia kama zile za kawaida: ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli (magurudumu ya mkanda) mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike. Ukiweka haidroliki, yaani oili ya gia otomatiki za kawaida, mkanda unateleza.

Nilifungua sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi. Kwenye sumaku yake ya kunasa vumbi la chuma kulikuwa na tope jeusi, laini kama masizi ya sufuria. Nikalisugua vidoleni, hakuna chembe za chuma. Nilifurahi sana, maana chembe zingemaanisha mkanda umeshakula puli.

Nikaosha, nikaweka filta mpya na oili ya CVT iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukimwaga mara moja nyingi hubaki ndani, kwa hiyo nilirudia mara 3, nikizungusha gari kila mara, kisha nikapima kiwango oili ikiwa ya moto.

Tulipanda naye hadi Marangu Mtoni. Halikutetemeka.