Nilivyoipima kingamwili ya p53 kabla ya kuiamini

p53 ni protini inayowasha jeni kadhaa pale DNA ya seli inapoharibika, lakini kuiona si rahisi. Seli ikiwa salama haiachi p53 ijazane. Protini ya MDM2 huitia alama, ikavunjwa. Nusu yake hutoweka ndani ya dakika kama 20. Kwa hiyo ukifanya westani bloti (kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando, kisha kuitafuta moja kwa kingamwili, yaani protini inayoshika shabaha yake) kwa seli tulivu na utando ukatoka mtupu, huwezi kujua kama kingamwili imeharibika au p53 ndiyo haipo.

Kingamwili niliyopewa maabara ni DO-1, inayoshika kipande kifupi karibu na mwanzo wa p53 ya binadamu. p53 ya panya haiishiki, hilo ujue mapema. Kabla ya kugusa sampuli za uvimbe nilizokuwa nimetunza kwa shida kwenye friza, niliijaribu kwa seli za saratani ninazozijua: H1299, ambazo hazitengenezi p53 hata kidogo, MCF-7 zenye p53 nzima, na MCF-7 hizohizo zilizolazwa usiku kucha na doksorubisini, dawa ya saratani inayoharibu DNA. HeLa niliziongeza kwa udadisi tu, maana protini ya E6 ya kirusi cha HPV-18 kilichomo ndani yake huimaliza p53.

Baada ya kuhamisha protini kutoka kwenye jeli nilipaka rangi nyekundu ya Ponceau, inayoonyesha protini zote, nikahakikisha njia zote zimejaa sawa. Kuziba utando ili kingamwili isishike ovyo nilitumia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, yale ya dukani. Kijikaratasi kilishauri kuizimua kingamwili 1:1000. Kwangu 1:3000 ndiyo iliyoondoa ukungu bila kufifisha mstari.

Picha ilipotoka, MCF-7 za dawa zilikuwa na mstari mnene, zisizo na dawa mwembamba, HeLa kivuli tu. H1299 hakuna kitu, ingawa aktini yake, protini ya kawaida ya kulinganishia, ilikuwa sawa na ya wengine. Hapo ndipo nilipotulia, maana picha ya muuzaji ilionyesha tu kuwa kuna mstari, haikuonyesha unavyopotea. Mwenzangu alishtuka kuuona mstari kwenye kilodaltoni 53 (kipimo cha uzito wa protini) wakati hesabu ya asidi amino 393 inatoa takriban 44. Nikamwambia auache, p53 ndivyo inavyotembea kwenye jeli.

Jambo lililonichosha zaidi lilikuja nilipoivua p53, yaani kuinasa na kuitoa kwenye sampuli, kwa DO-1 kisha nikataka kuisoma kwa DO-1 ileile. DO-1 imetoka kwa panya, na ile ya kuvulia hubaki kwenye sampuli. Mnyororo mzito, kipande chake kikubwa, hukaa kwenye 50, na kingamwili ya pili (ile inayoishika ya kwanza ili ionekane) inayotafuta panya haichagui. Ukatokea mstari mkubwa uliomeza kila kitu. Nikaendelea kuvua kwa DO-1, ila kusoma nikahamia kwenye kingamwili ya p53 iliyotoka kwa sungura, na ya pili yake inayotafuta sungura peke yake. Mstari wa 53 ukajitenga.