Msinisimange kwa ajili ya Mariners

Nimenyamaza wiki nzima, leo naandika. Tangu Mariners, timu ya besiboli ya Seattle hapa Marekani, watolewe na Toronto usiku wa tarehe 20 Oktoba 2025, grupu letu la Watanzania wa Kent na Tukwila, miji ya jirani na Seattle, halijanipumzisha. Picha za jeneza, nyimbo za msiba, pole za kejeli. Hayo nayaweza, mimi mtoto wa Tanga, utani wa mpira nimekua nao. Kilichonichoma ni ujumbe wa sauti wa ndugu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, aliyesema nilikacha kikao cha kamati ya harusi kwenda kuangalia wazungu wanaokimbizana na rungu, na kwamba mtu wa aina hiyo ameshapotea, amesahau kwao.

Kuambiwa umesahau kwenu si jambo dogo. Siwezi kuliacha lipite.

Nianze na kikao chenyewe. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba. Mchango wangu ulishafika kwa mweka hazina tangu Septemba, na udhuru nilimpa mwenyekiti mapema. Jioni ile Mariners walikuwa na mechi ya tano dhidi ya Detroit, anayeshinda anasonga, anayefungwa anafunga virago. Bei ya tiketi ya mechi kama ile nikiitaja hapa, kuna watu kwetu Makorora, Tanga, wataanza kuhesabu kodi ya chumba na sebule. Mimi sikununua. Nilipewa, na aliyenipa hakuwa na deni lolote kwangu.

Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa ile ile ya wengi wetu: kulea wazee. Kuogesha, kulisha, kumgeuza mtu usiku asipate vidonda vya kitandani. Nyumbani kazi hiyo mtoto anamfanyia mzazi wake. Hapa unalipwa kwa saa, na mzazi ni wa mwenzio. Mzee niliyepangiwa hakuwa muongeaji. Mwanzoni alikuwa ananijibu kwa kichwa tu. Lakini ikifika saa ya mechi anataka vitu vitatu: redio, penseli iliyochongwa, na daftari lake lenye visanduku vilivyochorwa almasi ndogo katikati.

Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli, tena kwa kuandika kabla sijaiona uwanjani. Kila mchezaji ana namba ya nafasi yake. Mrushaji ni 1, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, wa besi ya kwanza ni 3 (besi ni vituo vinne ambavyo mpigaji anatakiwa kuvizunguka), hivyo hivyo mpaka 9 kule nje kabisa. Mpira ukipigwa chini, 6 akaudaka na kumrushia 3 kabla mpigaji hajafika, unaandika 6-3, mtu ametoka. Akishindwa kuupiga mara tatu unaandika K. Akisimama tu na gongo begani, mpira wa tatu ukapita halali bila yeye kujaribu, unaandika K iliyogeuzwa. Anayefika besi unamchorea mstari kwenye almasi, na akizunguka zote nne almasi inafungwa, hiyo ni alama moja. Mzee akiishiwa nguvu mkononi, mimi ndiye niliyekuwa naandika, yeye anasahihisha.

Tarehe 15 Agosti 2012 mechi ilikuwa mchana, dhidi ya Tampa Bay, na mrushaji wa Mariners alikuwa Félix Hernández, kijana wa Venezuela. Ilipofika raundi ya sita mzee aliacha kuzungumza. Nikamuuliza anajisikiaje, akaweka kidole mdomoni. Nilipoangalia karatasi ndipo nikaelewa: upande wa Tampa hakukuwa na almasi hata moja iliyoanza kuchorwa. Hakuna aliyefika besi. Watu 27 walisimama na gongo siku ile, 27 wakarudi benchi, na wa mwisho alikuwa K iliyogeuzwa. Mzee aliichora mwenyewe, polepole, kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka chai yake ikapoa. Mimi baba yangu mzazi hakuwahi kunishika mkono kwa muda mrefu kiasi kile.

Alifariki kabla ya 2022. Nalitaja hilo kwa sababu wasioijua timu hii hawawezi kuelewa mwaka huo ulikuwa na maana gani. Mariners walishinda mechi 116 mwaka 2001, halafu wakakaa mpaka 2022 bila kuingia tena kwenye mtoano. Watoto walizaliwa, wakamaliza sekondari, hawajawahi kuona mechi ya Oktoba. Siku Cal Raleigh wa Mariners alipoingia raundi ya tisa dhidi ya Oakland na kuupiga mpira ukavuka ukuta, mwisho wa Septemba 2022, mtoto wa yule mzee alinipigia simu analia. Hatukuwa tumewasiliana tangu mazishi. Alisema tu kwamba baba yake angetaka mimi nipigiwe kwanza.

Ndiye huyo aliyenipa kiti cha tarehe 10 Oktoba. Alikuwa na tiketi mbili, ana ndugu, ana marafiki, ana mabosi kazini kwake ambao wangemshukuru kwa tiketi ile mwaka mzima. Akanichagua mimi. Sasa ndugu zangu mnataka nimwambie nini mtu huyo? Kwamba nina kikao cha kujadili rangi ya vitambaa vya mezani?

Na mechi ilikuwaje! Tarik Skubal wa Detroit alikuwa anarusha mipira isiyogusika, watu 13 walitoka kwa K, saba kati yao kwa mfululizo. Tukawa nyuma 2-1. Raundi ya saba akaingizwa Leo Rivas kutoka benchi, siku yake ya kuzaliwa, akasawazisha. Mechi ya kawaida ni raundi tisa. Hii ilikwenda kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Luis Castillo, mrushaji ambaye siku zote anaanza mechi, akaletwa mwishoni kama mtu wa akiba. Raundi ya kumi na tano besi zote zimejaa, Jorge Polanco akaupenyeza mpira, J.P. Crawford akafika besi ya mwisho, 3-2. Karibu saa tano zilikuwa zimepita. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu, ambaye hatukuwa tumebadilishana hata salamu, aligeuka akanikumbatia kama mjukuu wake aliyetoka hospitali. Watu waliteremka kwenye treni mpaka Tukwila wanaimba.

Kuhusu wazungu na rungu, nijibu kwa ufupi. Julio Rodríguez wa Mariners ni wa Jamhuri ya Dominika. Eugenio Suárez, aliyepiga mpira mmoja ukaleta alama nne siku ya mechi ya tano na Toronto, ni wa Venezuela. Ichiro Suzuki alitoka Japani mwaka 2001, na mwaka 2025 aliingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa besiboli pale Cooperstown. Wote ni watu waliopanda ndege kama sisi. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya hapa. Na majirani zetu Waganda: mwaka 2011 watoto wao walifuzu kuja mashindano ya dunia ya watoto Pennsylvania wakanyimwa viza, mwaka uliofuata wakaja watoto wa Lugazi na wakaifunga timu ya Oregon. Kwa hiyo mchezo wa nani huo?

Sasa nije kwenye kusahau kwetu, maana hapo ndipo nina mengi.

Mimi ni Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga. Siyo Coastal ya kuitaja kwenye mazungumzo, ni Coastal ya kubebwa mabegani na baba kuingia uwanja wa Mkwakwani. Nimeiona Tanga ya 1988, mwaka tulipochukua ubingwa wa Bara. Baba alikuwa kibarua wa bandari, na siku zile bandari yote ilikuwa Wagosi wa Kaya, yaani Coastal. Je, leo hao wanaonisema wanashangilia nani? Nendeni kwenye ukurasa wa kila mmoja. Mtu wa Mbeya ni Yanga. Mtu wa Mwanza ni Simba. Mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani, Coastal ikicheza na Yanga amevaa kijani na njano, anazomea timu ya mtaa aliokulia. Mwaka 2022 tulicheza fainali ya kombe Arusha, tukatoka 3-3 na Yanga, tukafungwa kwa penalti, na usiku ule watu wa Tanga nilioongea nao kwa simu walikuwa wanasherehekea. Nililia peke yangu gereji.

Nani hapo aliyesahau kwao?

Hiki ndicho Seattle imenifundisha, na nakisema nikimaanisha. Hapa mtu anashikilia timu ya mji wake hata kama haijawahi kumpa kitu. Mariners wapo tangu 1977, na kati ya timu zote 30 za ligi kuu ni wao peke yao ambao hawajawahi kucheza World Series, fainali ya ligi hiyo. Hata mara moja. Ingekuwa kwetu, mji mzima ungeshahamia New York au Los Angeles kwenye makombe. Hawajahama. Bibi aliyenikumbatia ameisubiri fainali hiyo tangu ujana wake na anarudi kila Aprili. Kumpenda mwenye makombe hata mpita njia anaweza.

Na wana sababu ya kuogopa ambayo sisi hatuna. Timu ya hapa ni mali ya tajiri, na tajiri akiamua anaihamisha kama samani za nyumba. Mji huu ulikuwa na Pilots mwaka 1969, msimu mmoja tu, wakapelekwa Milwaukee. Timu yao ya kikapu, Sonics, ilichukuliwa mwaka 2008 ikapelekwa Oklahoma City, na mpaka leo ukiwagusia jambo hilo wanabadilika sura. Mariners wenyewe walinusurika mwaka 1992 kwa sababu rais wa Nintendo, kampuni ya Japani ya michezo ya video, aliweka fedha zake. Coastal yetu ni ya wanachama. Hakuna tajiri anayeweza kuibeba Coastal kuipeleka Dodoma. Tunayo haki ambayo watu wa Seattle wangeilipia dola yoyote, tukaiacha ikaota kutu kwa sababu ya timu mbili za Kariakoo.

Kwa wewe kijana unayesubiri viza, nikuambie jambo ambalo mawakala hawatakuambia. Upweke wa huku hauji wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza unapiga picha. Unakuja Novemba, jua linapozama saa kumi na nusu jioni, umetoka zamu, jirani hakujui jina. Wapo watu wameishi hapa miaka mingi, mwili uko Kent, masikio yako Kariakoo, simu haitoki sikioni, na mzungu pekee wanayezungumza naye ni bosi. Tafuta kitu kimoja cha mji unaolala ukipende kweli. Kofia yangu ya Mariners imenifungulia midomo ya dereva wa basi, muuza samaki, hata daktari wa mwanangu. Watu wasiojua Tanzania iko upande gani wa Afrika wananiuliza mimi kama Crawford yuko sawa na mkono wake.

Wala usiingie kwa kukopa. Msimu una mechi 162, nusu yake nyumbani, na siku za katikati ya wiki tiketi za juu ni nafuu. Treni ni dola 3. Uwanja unaruhusu uingie na chakula chako, na maji ya chupa ambayo haijafunguliwa, kwa hiyo mimi naingia na chapati na maharage yangu, nakaa kama mfalme. Rafiki yangu wa Bukoba nilimpeleka akakuta wanauza panzi wa kukaanga kwa namna ya Wameksiko. Alikula akanyamaza, nikajua amefika kwao.

Toronto imeniumiza, sikatai. Tuliongoza 3-1 raundi ya saba ya mechi ya saba, tumebakiza kuwatoa watu wanane tu tuingie World Series, George Springer wa Toronto akaupeleka mpira ule nje ya ukuta. Nilikuwa nimeshika penseli. Niliandika alama zao tatu zote, nikafunga almasi zote tatu, kwa sababu mzee alinifundisha kwamba ya adui nayo huandikwa sawasawa.

Nimezungumza na mpwa wangu Tanga. Ana jezi mbili za Yanga na hajawahi kuiona Coastal ikicheza. Nimemtumia hela ya kiingilio cha msimu mzima. Akaniambia, "Mjomba, Coastal wanafungwa sana." Nikamwambia hilo nalijua kuliko yeye, aende. Amekwenda mara ya kwanza na wenzake wawili. Sasa anataka nimnunulie simu. Nimemwambia nitaanza na jezi, ya Coastal, na ataivaa siku Yanga wanapokuja Tanga, akae nayo mpaka filimbi ya mwisho.