Niliyoyakuta ndani ya sampu

Jumapili, usiku

Leo jioni nimeishusha sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, ya Corolla ya marehemu baba, na kwa kuwa sitaki niliyoyaona humo yapoe kabla sijayaandika, ninaandika usiku huu huu, hapa Walukuba mjini Jinja, mikono yangu ikiwa bado inanuka dizeli ingawa nimeoga mara mbili.

Gari ni la mwaka 1982, lenye injini ya 4K ya sentimita za ujazo 1,290. Kemshafti yake, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua vali, haikai juu ya silinda hedi (kichwa cha injini) kama ilivyo kwenye magari mengi ya siku hizi, bali imelala ndani ya bloku yenyewe, yaani mwili wa injini, na kuzungushwa na cheni iliyo mbele ya injini. Kila nundu ya kemshafti huinua tapeti (kikombe kidogo cha chuma kinachokaa juu yake), tapeti ikainua pushirodi (fimbo nyembamba), pushirodi ikasukuma roka (mkono unaobembea huko juu), na roka ikafungua vali. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nikisikia mgongano mwepesi huko juu, nikirekebisha nafasi ya vali leo na kuikuta imelegea tena wiki ijayo, huku gari likikosa nguvu kila nilipopanda mlima nikiwa natoka Kampala. Nilipofungua kava la juu nikazungusha injini kwa mkono na kupima kwa vernia kimo ambacho kila pushirodi inapanda, saba zilikaribiana, na ya nane ilipungukiwa na milimita mbili hivi. Milimita mbili ni nyingi mno: nundu yake ilikuwa imelika. Hakuna marekebisho ya roka yanayoweza kurudisha chuma ambacho hakipo tena.

Kubadilisha kemshafti ya namna hii hudai kwanza kuondoa redieta, puli ya mbele na kava la cheni, na hapo ndipo sampu inapoingia katika habari hii. Kava la cheni limekaa juu ya mdomo wa mbele wa sampu, na bolti chache za sampu zimepanda kutoka chini zikajifunga kwenye nyayo za kava hilo. Kwa hiyo kava halitoki mpaka bolti hizo zitolewe na sehemu nyingine ya sampu ilegezwe ili ishuke kidogo. Mafundi wengi huishia hapo. Hulegeza mbele, hupitisha kisu chembamba ili gasketi, ule utando unaoziba kiungo, isichanike, hutoa kava, na wakati wa kurudisha hukata kipande cha gasketi mpya cha mbele tu na kujaza pembe kwa silikoni. Ni njia halali, nimeiona ikifanywa na watu ninaowaheshimu, na ndiyo niliyokuwa nimeipanga, kwani kuishusha sampu nzima chini ya gari hili kunadai kuiinua injini kutoka kwenye vikalio vyake, yaani vishikizo vinavyoibeba juu ya chesisi.

Jirani yangu, mzee aliyetengeneza mabasi kwa miaka mingi, alipita asubuhi akaniuliza ninakusudia kufanya nini.

"Ninailegeza sampu mbele tu, Mzee, kava litoke."

Alichuchumaa, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Na chuma kilicholika kwenye hiyo kemshafti, mwanangu, kimekwenda wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Chuma hicho hakikupotea hewani. Kilisagika kikawa unga, unga ukashuka na oili, na oili hushukia mahali pamoja tu.

Basi nilianza upya. Stendi niliziweka juu ya mbao pana, kwa sababu mvua ya juzi imeulainisha udongo wa uani na sikubali kulala chini ya gari lililoegemea jeki peke yake. Nilimwaga oili, nikafungua nati za vikalio, nikaiinua injini kwa jeki na kipande cha ubao chini ya giaboksi, taratibu, nikiangalia kila waya na kila bomba lisivutike. Bolti za sampu ni ndogo, soketi namba kumi, na karibu zote zilitoka bila ugomvi. Moja tu, iliyo kwenye pembe ya nyuma juu ya upau wa chesisi, ilikataa soketi kabisa, nikalazimika kuizungusha kwa spana, robo mzunguko kila mara, kwa muda uliotosha chai niliyoletewa kupoa. Niliziacha mbili katika kila pembe zikiwa zimeshika kwa nyuzi chache, ili sampu isinidondokee usoni itakapoachia.

Haikuachia. Gasketi ya koki, ile nyenzo ya vizibo vya chupa, iliyokaa miaka hiyo yote ilikuwa imeungana na chuma. Hapa ndipo mtu hushawishika kupigilia bisibisi katikati ya sampu na bloku, na hapa ndipo sampu nyingi huharibika, maana bati lake ni jembamba, na ukingo ukishapinda hauzibi tena hata ukijazwa silikoni ya duka zima. Nilitumia kisu cha kukwangulia rangi, nikakipitisha kidogo kidogo pande zote mbili, nikigonga ubavu wa sampu kwa nyundo ya mpira. Mwishowe ilitoa mlio kama wa kandambili inayochomoka matopeni, ikashuka juu ya zile bolti nane nilizoziacha.

Binti yangu alinishikia tochi. Chini ya sampu kulikuwa na tope jeusi, zito, kina chake kama unene wa kidole, lenye mng'ao wa kijivu kila mwanga ulipolipita. Nilichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, nikaivika mfuko wa plastiki, nikaipitisha humo polepole. Ilitoka imeota manyoya, nywele fupi za chuma zilizosimama wima kuzunguka ukingo wake wote. Binti yangu aliuliza kama kile ni kitu kilicho hai.

Nilichuja tope lililobaki kwenye kitambaa cheupe, nikitafuta chembe zinazong'aa ambazo sumaku haizishiki, kwa kuwa beringi za krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, zimepakwa metali laini isiyovutwa na sumaku. Sikuona hata moja, na kwa hilo nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini chujio la pampu ya oili lilikuwa limeziba karibu nusu. Kama ningelegeza mbele tu na kutia kemshafti mpya, pampu ingeendelea kunyonya katika tope hilo hilo. Filta ya oili isingeniokoa pia, kwani ina vali ya pembeni ambayo hufunguka filta inapoziba au oili inapokuwa nzito asubuhi, ikaruhusu oili kupita bila kuchujwa ili injini isikaukiwe.

Baba alikuwa na daftari dogo kwenye sanduku la dashibodi. Kila kilomita 5,000 aliandika tarehe, idadi ya kilomita, na neno "oili", kwa kalamu ya wino wa bluu. Baada ya mwandiko wake kuna mwandiko wangu mara tatu, kisha hakuna kitu kwa kurasa nyingi. Nililifungua leo kwa sababu ya tope lile. Ningependa kusema kwamba gari lilinifikia likiwa limechakaa, lakini daftari linasema vingine. Tope ni langu.

Jumamosi iliyofuata

Kemshafti nimeipata kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, pamoja na tapeti nane mpya. Muuzaji aliona kwamba kemshafti peke yake inatosha, lakini tapeti iliyozoea nundu mbovu huila nundu mpya kwa muda mfupi, kwa hiyo sikukubali.

Sampu niliiosha kwa dizeli mara nne, mpaka kitambaa cheupe kikapita ndani yake na kutoka cheupe. Matundu ya bolti yalikuwa yametokeza juu kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi zamani, nikayagonga kwa nyundo ndogo juu ya ubao mpaka ukingo ukalala sawa kwenye kioo. Gasketi ni mpya, nzima, na bolti nimezikaza kwa mkono mwepesi nikianzia katikati kuelekea pembeni. Oili chafu iko kwenye jerikeni, nitampa jirani apake nguzo za banda lake dhidi ya mchwa. Ziwa liko karibu mno nasi kuimwaga mtaroni.

Nundu za kemshafti na nyayo za tapeti nilizipaka mafuta mazito ya kufungia injini. Injini ilipowaka sikuiacha izunguke polepole. Niliishikilia kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika ishirini, kwa kuwa katika injini ya namna hii nundu hupata oili nyingi kutokana na mrusho wa krankishafti, na ikizunguka polepole mrusho huo ni mdogo. Mzee alisimama kando mikono nyuma, akisikiliza. Mgongano haukuwapo.

Kisha niliizima, nikaimwaga ile oili ya kwanza ingawa ilikuwa bado ya rangi ya asali, na sumaku ilitoka na vumbi jembamba la kijivu ambalo lilifutika kwa kidole. Nimeliandika hilo kwenye daftari, chini ya mwandiko wa baba, pamoja na tarehe na kilomita. Plagi ya kumwagia oili nitaifungua tena baada ya kilomita 800.