Wasini, Kisiwa cha Maji ya Mvua

Niliondoka Mombasa alfajiri, mwezi wa Februari mwaka 2016, msimu ambao pepo za kaskazi huwa zimetulia na bahari ya kusini mwa Kenya imelala kama mkeka. Baada ya kuvuka kwa feri ya Likoni nilipanda matatu ya kwenda Lungalunga, tukapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, mji mdogo uliopoteza kiwanda chake cha sukari mwaka 1988, na nikashuka Kanana, ambako njia ya Shimoni inachepuka kuelekea baharini. Barabara hiyo wakati huo ilikuwa ya udongo, nami nilifika gatini kwa bodaboda nikiwa nimejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

Shimoni ilipata jina lake kutokana na mapango ya mwamba yaliyo karibu na ufuo, ambayo wenyeji husimulia kuwa watumwa walizuiliwa humo kabla ya kupakiwa vyomboni. Nilitaka kuyaingia, lakini mashua ya abiria ya kwenda Wasini ilikuwa inajaa na nahodha alikuwa akiita. Nilipokaa ndipo nilipotambua kwamba sehemu kubwa ya shehena ilikuwa maji. Mitungi ya manjano ya lita ishirini ilipangwa katikati ya chombo kutoka omo hadi tezi, vifuniko vyake vikiwa vimefungwa kwa vipande vya plastiki ili maji yasivuje. Nilimwamkia mama mmoja mtu mzima aliyeketi ubavuni mwangu. "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akautazama mfuko wangu na kuniuliza, "Umekuja na maji?" Nilimwonyesha chupa mbili. Akasema kwa upole kwamba mgeni wa siku tatu hahesabiwi kuwa mzigo, lakini nisiwe na haraka ya kuoga.

Kisiwa cha Wasini kina urefu wa kilomita zipatazo tano, na upana wake ni kama kilomita moja tu. Kijiji cha Wasini kiko upande wa magharibi, Mkwiro upande wa mashariki, na kati yake kuna Nyuma Maji. Hakuna motokaa, watu hupita kwa miguu kwenye vijia vya mawe vinavyokata vichaka na mibuyu. Kisiwa chote ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya maji zama ambazo usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko ulivyo leo. Mwamba huo una matundu mengi, kwa hiyo mvua inaponyesha maji hayakai juu wala hayafanyi kijito; huzama moja kwa moja na kukutana na maji ya bahari chini. Kwenye kisiwa kipana mvua ingeweza kujenga tabaka nene la maji matamu juu ya yale ya chumvi, lakini Wasini ni nyembamba mno, na anayechimba hukutana na chumvi mapema. Udongo nao ni haba, hivi kwamba jembe hugonga jiwe kabla halijazama.

Hivyo wakati huo kijiji kiliishi kwa paa. Niliona nyumba chache za makuti, na mwenyeji wangu, mvuvi wa makamo aliyenipa chumba cha uani, alinieleza sababu yake: maji yanayopita kwenye makuti hutoka na rangi kama ya chai, na harufu yake haiishi hata yakichemshwa. Bati ni kali wakati wa jua, ila hukinga mvua iliyo safi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita sita kwa nane likipata milimita ishirini katika usiku mmoja huleta lita 960, sawa na mitungi 48. Nilipomfanyia hesabu hiyo kwenye daftari langu alitikisa kichwa akisema mke wake anaijua bila kalamu.

Asubuhi ya pili nilimfuata huyo mke wake kwenye jabia la ua wao. Lilikuwa tangi la mawe na chokaa, nusu yake ikiwa ardhini, na mdomo wake umefunikwa kwa bati zito lenye kufuli. Alifungua, akateremsha ndoo kwa kamba ya usumba iliyofungwa vifundo, akasikiliza mpaka ndoo ilipogusa maji, kisha akahesabu vifundo vilivyobaki mkononi. Aliniambia kwamba vimebaki vifundo vinne, na mvua ya mwaka, kama wanavyoiita masika, haitarajiwi kabla ya Aprili. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kunywa na ya kupikia. Vyombo vilioshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji matamu, ambacho baadaye kilimwagwa kwenye shina la mlimau. Sijawahi kuona kikombe cha maji kikifanya kazi nyingi kiasi hicho.

Wenyeji wa asili wa kijiji cha Wasini ni Wavumba, na lugha yao wenyewe huiita Chivumba. Wazee walinieleza kwamba chimbuko lao ni Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa bara, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania, uliotawaliwa na watu wenye cheo cha Diwani. Kuhusu idadi yao, kila niliyemwuliza alinijibu kwa swali: unataka idadi ya msimu gani? Kaskazi ikitulia vijana huenda dago, yaani hupiga kambi kwenye fukwe za mbali kwa majuma kadhaa wakifuata samaki, na wakati huohuo wavuvi kutoka Pemba huvuka kuja upande huu. Sensa ya mwaka 2009, iliyoipa Kwale, kaunti ya kisiwa hiki, watu 649,931, ilifanyika usiku wa tarehe 24 Agosti, na ile ya 2019, iliyotoa watu 866,820, ilifanyika tarehe hiyohiyo, wakati kusi bado inavuma na vyombo vingi vidogo vimefungwa. Kwa maoni yangu, hesabu ya Januari ingetoa kisiwa kingine. Wapemba wengi waliozaliwa kwenye pwani hii hawakuwa hata na kitambulisho cha Kenya nilipokuwa huko. Walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya mwezi Januari 2023, nami niliposikia habari hiyo niliwakumbuka wale niliowaona wakitengeneza nyavu pale Shimoni.

Jioni ya mwisho nilitembea juu ya daraja la mbao linalosimamiwa na akina mama wa kijiji, linalopita katikati ya matumbawe makongwe nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yamekupwa, na vichwa vya mawe vilisimama wazi, vimechongwa na mawimbi, vyenye miguu myembamba na vilele vipana. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, inapojaa, bahari huingia hadi hapo na kuvizunguka. Akina mama hao hutoza wageni kiingilio, na fedha hizo ni muhimu kwa sababu hifadhi ya bahari ya Kisite, iliyo upande wa kusini, hairuhusu uvuvi, ingawa kwenye eneo la Mpunguti uvuvi wa kienyeji unakubaliwa.

Nilirudi Shimoni kwa mashua ileile. Mitungi ilikuwa mitupu safari hii, imefungwa pamoja kwa kamba moja, ikigongana kila wimbi lilipotuinua, na kijana aliyekuwa ameishika aliruka majini kabla hatujafunga gatini ili awahi foleni ya bombani.